Midundo Inayosukana

Utunzi wa kisasa kwa kundi la wapiga ngoma stadi ni muziki uliopangwa kwa ajili ya watu wawili, sita, tisa au zaidi, kila mmoja akiwa na sehemu yake, bila kutegemea gitaa wala kinanda. Ngoma, marimba, kengele, vipande vya mbao, hata viganja vitupu, ndivyo vinavyobeba sehemu kubwa ya kazi. Ugumu wake hauko katika kupiga kwa nguvu wala kwa kasi. Uko katika kuliweka pigo mahali pake hasa, huku jirani akiliweka lake kwingine, na wote wawili wasiyumbishane.

Katika okestra za Ulaya ngoma zilikaa nyuma kwa muda mrefu, zikisubiri zamu ya kushindilia. Mwaka 1931 Edgard Varèse, Mfaransa aliyehamia Marekani, alikamilisha Ionisation, kazi ya wapigaji 13, ving'ora vikiwamo. Ilipigwa mara ya kwanza New York mwaka 1933, na tangu hapo watunzi wengi wakaandikia kundi la aina hiyo.

Afrika Mashariki haikuwa ikingoja. Katika kasri ya Kabaka, mfalme wa Buganda nchini Uganda, huko Mengo, palikuwa na entenga: ngoma 15, 12 kati yake zikiwa zimewambwa na kulinganishwa sauti hadi zikaweza kutoa wimbo kamili. Watu wanne walipiga hizo 12 kwa fimbo nyembamba, na wawili wakashika tatu zilizobaki. Nyimbo zenyewe hupigwa pia kwa amadinda, marimba ya vipande 12. Wapigaji wawili hukaa wakitazamana. Mapigo ya mmoja huangukia katikati ya mapigo ya mwenzake. Wa tatu, mwenye vipande viwili tu vya juu, huchomoza sauti zinazojificha ndani ya mchanganyiko huo. Msikilizaji husikia wimbo ambao hakuna hata mmoja wao anaoupiga peke yake. Huo ni utunzi wa hali ya juu, na unastahili kuitwa hivyo. Kasri iliposhambuliwa mwaka 1966, kisha falme za Uganda zikafutwa mwaka 1967, entenga ilipoteza makao yake, na ufundi huo ukabaki kwa wazee wachache.

Mwaka 1970 Mmarekani Steve Reich alikwenda Ghana kujifunza ngoma za Waewe kwa Gideon Alorwoyie. Jina la mwalimu huyo halistahili kusahaulika katika maelezo ya kazi iliyofuata. Kazi yenyewe ni Drumming, iliyopigwa kwa mara ya kwanza New York mwaka 1971, yenye urefu wa karibu saa nzima au zaidi. Huanza kwa ngoma ndogo za bongo: pigo moja tu, kisha jingine linachukua nafasi ya kimya, kisha jingine, mpaka mdundo unajaa. Baadaye huingia marimba pamoja na sauti za wanawake, halafu vyuma vyenye mlio wa kengele, na mwishoni vyote kwa pamoja.

Mwaka 1972 Reich aliandika kazi isiyohitaji chombo chochote. Clapping Music ni ya watu wawili wanaopiga makofi. Mdundo wake una nafasi 12, makofi manane na vimya vinne: makofi matatu, kimya, mawili, kimya, moja, kimya, mawili, kimya. Wote huanza pamoja. Wa kwanza habadiliki hadi mwisho. Wa pili, baada ya kurudia mara kadhaa, huusogeza mdundo wake kwa nafasi moja, hurudia tena, husogeza tena. Baada ya kusogea mara 12 wanakutana upya. Mdundo ni ule ule mmoja, lakini kila hatua husikika kama wimbo mpya. Sikio la wa pili huvutwa kumfuata mwenzake, na hapo ndipo wengi huanguka. Dawa yake ni kuutamka mdundo kwa mdomo kwanza, polepole, hadi mwili uuzoee.

Kazi ya namna hii, isiyohitaji ngoma, inafaa sana Isiolo, nchini Kenya. Katika mji huu, wanakoishi Waborana, Waturkana, Wasamburu, Wasomali na Wameru, ngoma ya kuwambwa si chombo kikuu kwa wote. Upande wa kusini, katika Tharaka-Nithi, Wachuka wanasifika kwa ngoma ndefu zinazobanwa katikati ya mapaja huku mpigaji akicheza. Kwa wafugaji wa kaskazini, midundo hukaa zaidi katika mwili: Waturkana katika mchezo wao wa edonga huruka na kuikanyaga ardhi kwa pamoja, Wasamburu hujenga mapigo kwa sauti nzito za kooni na miruko ya morani. Ngamia nao huvishwa kengele za mbao, kila moja na mlio wake. Mtunzi anayetafuta malighafi anayo tayari.

Walimu wa muziki wa Isiolo wasingoje fedha za kununua ngoma. Waanze na wanafunzi wawili na makofi manane, kisha waalike miguu ya edonga na kengele za mbao viingie.