Makorongo ya Oman: safari inayopangwa kwa kufuata maji
(Sehemu ya Pili)

Katika sehemu ya kwanza tulibaki Muscat, tukichambua msimu wa kusafiri na namna ya kukodi gari. Leo tunapanda milima ya Hajar kuyaendea makorongo, na ushauri wangu wa kwanza kwa msomaji ni huu: usiipange safari hii kwa kuhesabu kilomita. Kwenye ramani mwendo wote ni mfupi, na mwenye haraka ataona anaweza kuumaliza kwa siku mbili. Lakini huku kinachoamua uende wapi, lini na kwa mwendo gani ni maji. Maji ndiyo yaliyochonga makorongo, ndiyo yaliyoweka vijiji mahali vilipo, na ndiyo yanayoua madereva wasiosikia.

Mwamba usiokunywa mvua

Jebel Shams, mlima mrefu kuliko yote Oman, unakaribia mita 3,000. Ubavuni mwake kuna korongo la Wadi Ghul, ambalo kutoka ukingoni hadi chini ni takriban kilomita moja. Kuta zake ni matabaka ya mawe ya chokaa yaliyojengeka chini ya bahari enzi za dinosaria, kisha yakainuliwa na nguvu za ardhi hadi yakawa mlima. Baada ya hapo mvua ikaanza kukata, tabaka baada ya tabaka.

Mvua zenyewe ni haba, na hapo ndipo wageni wanapodanganyika. Mlima ni mwamba mtupu, hauna udongo wa kutosha wala msitu wa kuyazuia maji. Mvua ya saa moja ikipiga kileleni, maji yote hukimbilia bondeni, na aliye huko chini kwenye jua kali anaweza kufikiwa na mafuriko bila kuonja tone la mvua. Aprili 2024, mafuriko ya ghafla katika mkoa wa Sharqiyah Kaskazini yaliua watu kadhaa, wakiwemo watoto wa shule waliokuwa ndani ya gari.

Kwa hiyo kila asubuhi, kabla ya chai, angalia utabiri wa hali ya hewa wa milimani, si wa mjini ulikolala. Kama kuna dalili ya mvua, siku hiyo usiingie korongoni. Tembelea ngome au soko. Barabara inapovuka mkondo utaona nguzo zilizopakwa rangi nyeupe na nyekundu: maji yakifika kwenye nyekundu, simama, hata kama gari la mbele yako limepita. Anayejitosa kwa makusudi kwenye mafuriko huadhibiwa na sheria za Oman, mbali na hatari ya kupoteza roho. Usipige hema kwenye sakafu ya bonde, hata mchanga wake uwe laini namna gani.

Siku ya kwanza: Nizwa

Toka Muscat Alhamisi. Nizwa iko umbali wa takriban kilomita 150 kwa barabara kuu nzuri, na ukilala hapo utaamkia soko la mifugo la Ijumaa, ambapo mbuzi na ng'ombe huzungushwa duarani huku wanunuzi wakitaja bei. Fika mapema, kwa sababu jua likipanda shughuli inakwisha.

Ngome ya Nizwa, yenye mnara mkubwa wa duara, ilijengwa karne ya 17 na Imamu Sultan bin Saif wa ukoo wa Yaariba, ambaye majeshi yake yaliwatoa Wareno Muscat mwaka 1650. Jioni nenda ukaone Falaj Daris, mmoja wa mifereji mitano ya Oman iliyoingizwa kwenye orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia mwaka 2006.

Siku ya pili: Misfat al-Abriyin

Baada ya soko, pita Bahla uone ngome yake ya udongo, kisha panda hadi kijiji cha Misfat al-Abriyin, juu ya mji wa Al Hamra. Gari liache nje, utembee kwa miguu. Mfereji mwembamba unapita kati ya nyumba za mawe na ngazi za mashamba ya mitende na ndizi, na ukiufuata utaelewa jinsi watu walivyoweza kuishi jangwani bila mto.

Kila mwenye shamba ana zamu yake, na zamu hupimwa kwa muda. Kwa desturi, mchana walisoma kivuli cha kijiti kilichosimikwa ardhini, usiku wakasoma nyota. Matumizi nayo yana mpangilio: maji ya kunywa huchotwa mwanzoni mwa mfereji, kisha ndiyo msikiti na mabafu, na mashamba ni ya mwisho. Mgeni anayetumbukiza miguu huko juu anachafua maji ya kunywa ya wenzake. Vaa nguo za kufunika mabega na magoti, omba ruhusa kabla ya kumpiga mtu picha, na utoe salamu. Familia nyingi za Oman zina mizizi Zanzibar na Mombasa, kwa hiyo usishangae ukijibiwa kwa Kiswahili.

Siku ya tatu: ukingo wa Wadi Ghul

Jaza mafuta Al Hamra au Bahla, maana huko juu usitegemee kituo. Chukua maji ya kunywa ya kutosha siku nzima pamoja na nguo za baridi: wakati Muscat watu wanatembea na fulana, usiku wa Januari kwenye Jebel Shams joto linaweza kushuka karibu na sifuri.

Wengi huegesha ukingoni, hupiga picha, wakageuza. Wewe tenga nusu siku kwa njia ya miguu inayoanzia kijiji cha Al Khitaym na kuambaa na ukuta wa korongo. Kwenda ni kama kilomita nne, na njia haina mwinuko mkali, ila upande mmoja ni genge tupu lisilo na kizuizi. Mtoto mdogo asitembee bila kushikwa mkono. Fuata alama za rangi zilizochorwa kwenye mawe. Mwisho wa njia utakuta mahame ya As Sab: nyumba za mawe zilizojibana chini ya mwamba uliotokeza kama dari, na mbele yake ngazi za mashamba yaliyokauka. Watu waliishi hapa, kwenye ukuta wa korongo, kwa sababu maji yalipatikana karibu.

Siku ya nne: kuteremka Wadi Bani Awf

Hii ndiyo siku ya gari la 4x4, na dereva awe mzoefu. Kutoka Sharfat al-Alamayn, kwenye urefu wa karibu mita 2,000, njia inaporomoka upande wa kaskazini kupitia kijiji cha Hatt, jirani na Bilad Sayt, hadi bondeni na hatimaye Rustaq. Kabla ya kuondoka uliza wenyeji hali ya njia, kisha soma mkataba wa gari: mikataba mingi ya kukodi haifidii uharibifu uliotokea nje ya lami.

Kwenye mteremko tumia gia nzito ili injini ndiyo ishike gari. Anayekanyaga breki muda wote huzichemsha, na breki zikichemka hazishiki. Anayepanda mpishe. Mawe ya huku yana ncha kali, hivyo kagua tairi la akiba na jeki ukiwa bado mjini. Bilad Sayt inastahili kusimama: nyumba za udongo zimekaa mwambani na mashamba yote yamewekwa chini yake, ili ardhi inayofikiwa na maji isipotee kwa ujenzi. Korongo jembamba la jirani, ambalo watalii hulipita kwa kuogelea, usiliingie bila kiongozi wa njia anayelijua.

Rustaq ndiko alikozikwa Imamu Saif bin Sultan, mtoto wa yule aliyejenga ngome ya Nizwa. Wasomaji wa pwani yetu wanamjua kwa jambo moja: majeshi yake ndiyo yaliyoiteka Fort Jesus ya Mombasa mwaka 1698, baada ya kuizingira kwa karibu miaka mitatu. Waomani wanamkumbuka pia kwa mifereji aliyoichimba na kuikarabati na mitende aliyoipanda. Sifa hizo mbili haziachani, kwa kuwa dola iliyotuma merikebu hadi Mombasa ilisimama juu ya mashamba yanayonyweshwa kwa zamu. Ndiyo maana nasisitiza siku nne, nusu yake kwa miguu.

Sehemu ya tatu itatupeleka kwenye mchanga wa Sharqiyah, ambako tairi hupunguzwa upepo na gari huendeshwa kwa kanuni nyingine kabisa.