Pikapu ya Dizeli Humfaa Nani?

Yeyote atakaye kununua pikapu nchini Kenya, awe mkulima ama mwenye duka mjini, hukutana na swali moja kabla hata hajatazama rangi ya gari: achukue yenye injini ya dizeli au ya petroli? Aghalabu majirani humjibu upesi kwamba hapo hapana mjadala, dizeli ni ngumu tena hula mafuta kidogo. Jibu hilo lina ukweli ndani yake, lakini halimfai kila mtu. Na kwa kuwa gari la namna hii mara nyingi hununuliwa kwa fedha za mkopo, pengine na hati ya shamba ikiwa imewekwa rehani, yafaa jambo lenyewe lielezwe vizuri.

Injini ya petroli huvuta hewa na petroli ndani ya silinda, ikavibana pamoja, kisha plagi ikatoa cheche ya kuviwasha. Injini ya dizeli haina cheche. Huvuta hewa peke yake na kuibana kwa nguvu nyingi sana, na hewa ikibanwa hupata joto; mtu aliyepata kujaza upepo baisikeli yake amekwisha kulihisi joto hilo mkononi, pale chini ya pampu. Katika injini ya petroli hewa hubanwa ikabaki kama sehemu moja kwa kumi ya nafasi iliyokuwa nayo. Katika injini ya dizeli hubaki sehemu moja kwa kumi na sita, au hata chini ya hapo, na joto lake hupita digrii 500. Ndipo mafuta hunyunyizwa ndani kama ukungu, nayo hushika moto yenyewe.

Mtambo huo ulibuniwa na mhandisi Mjerumani, Rudolf Diesel. Ulipopimwa mjini Augsburg mwaka 1897 ulionekana kugeuza kiasi cha asilimia 26 ya nguvu iliyomo katika mafuta kuwa kazi, na mitambo ya mvuke ya siku zile haikuweza kufikia hapo. Lakini ulikuwa mzito mno, na kwa hiyo ulianza kazi viwandani na melini. Motokaa za abiria zilingoja hata mwaka 1936, kampuni ya Mercedes-Benz ilipoanza kuuza ya kwake. Uzito huo haukuwa bure: chombo kinachobana hewa kwa nguvu namna ile hakina budi kiwe na chuma kinene, na chuma kinene hudumu. Kadhalika hugharimu fedha.

Basi twende kwenye hesabu, maana hapo ndipo wengi huteleza. Tuseme pikapu ya petroli hutumia lita 12 kwa kilomita 100 na ya dizeli yenye ukubwa ule ule hutumia lita 9. Tuseme pia kwamba lita moja ya mafuta, ya aina yoyote ile, ni shilingi 180, na kwamba gari la dizeli limemzidi mwenziwe bei kwa shilingi 400,000. Kila kilomita 100 mwenye dizeli huokoa lita 3, yaani shilingi 540.

Mfanyabiashara wa Narok achukuaye viazi hadi Nairobi mara tatu kwa juma, kwenda na kurudi, hupita kilomita 40,000 kwa mwaka. Huyo ataokoa shilingi 216,000 kila mwaka, na kabla ya mwaka wa pili kwisha zile 400,000 zitakuwa zimerudi. Sasa mtazame mwenye duka la jumla Kisumu apelekaye unga na soda kwa wateja wake, kilomita 25 kwa siku. Kwa mwaka hafiki mbali na kilomita 8,000. Akiba yake ni shilingi 43,200, naye atangoja zaidi ya miaka tisa ili kurudisha fedha zile zile, na hapo hatujataja riba ya benki. Magari yao ni mamoja. Safari zao ndizo zisizolingana. Pengine huyu wa Kisumu angefaa zaidi na gari dogo la petroli kama Probox, ambalo Wakenya wamelibebesha mizigo ambayo hata waliolitengeneza wangestaajabu kuiona.

Lakini mafuta si hoja pekee. Mtu wa Narok akifika Mai Mahiu hana budi kupanda ukingo wa Bonde la Ufa kwenda Limuru akiwa na magunia nyuma. Injini ya dizeli hutoa nguvu yake ikiwa inazunguka polepole, kwa hiyo hupanda kwa utulivu bila dereva kubadili gia mara kwa mara. Hewa ya nyanda za juu nayo ni nyepesi, na injini isiyo na turbo hupoteza takriban asilimia moja ya nguvu zake kwa kila mita 100 za kupanda juu ya usawa wa bahari. Turbo husukuma hewa zaidi ndani ya silinda na kuifidia hasara hiyo, na karibu kila pikapu ya dizeli itengenezwayo siku hizi inayo. Petroli zenye turbo zipo pia, lakini katika pikapu za kazi si nyingi.

Upande wa pili wa habari hizi husemwa kwa nadra na wauzaji. Dizeli za zamani zilikuwa na pampu ya kawaida isiyotegemea kompyuta; zilikwenda polepole na kupiga kelele, lakini zilivumilia mengi. Tangu miaka ya mwisho ya 1990 ulienea mtindo mwingine, ambao mafuta huwekwa katika bomba moja kwa shinikizo kubwa mno, kisha nozo zinazoongozwa na umeme huyapima na kuyanyunyiza. Mtindo huu ndio ulioipa dizeli ulaini na wepesi. Hata hivyo, matundu ya nozo hizo ni madogo mno, na tone la maji au uchafu kidogo huziharibu. Gharama ya kubadili nozo nne pamoja na pampu yaweza kumeza akiba ya mwaka mzima, hata ya yule wa Narok.

Kwa sababu hiyo, mahali pa kununulia mafuta pana maana kubwa. Kwa miaka mingi mafuta ya taa yaliuzwa Kenya kwa bei ya chini kwa kuwa ushuru wake ulikuwa mdogo, na wauzaji wasio waaminifu wakayachanganya na dizeli. Mafuta ya taa hayalainishi vyuma kama dizeli ifanyavyo, hivyo pampu husagika. Mwaka 2018 Serikali iliyatoza mafuta ya taa shilingi 18 zaidi kwa kila lita ili biashara hiyo isiwe na faida. Kabla ya hapo, mwaka 2015, kiwango cha salfa katika dizeli kilikuwa kimeshushwa hadi sehemu 50 kwa milioni, jambo lililofungua njia kwa injini mpya ambazo haziwezi kustahimili mafuta machafu. Mwenye dizeli asiyebadili chujio la mafuta kwa wakati wake, au asiyetoa maji yaliyojikusanya ndani yake, ajitayarishe kwa fundi.

Magari mengine yana chujio la masizi katika bomba la moshi. Chujio hilo hujisafisha kwa kuyachoma masizi, nalo lahitaji safari ndefu ili lipate moto wa kutosha. Gari lizungukalo sokoni na kurudi nyumbani halipati moto huo, chujio likaziba. Hii ni sababu nyingine ya mtu wa mjini kufikiri mara mbili.

Huko Marekani, ambako pikapu ni nyingi kupita kiasi, jambo hili lilijaribiwa. Kampuni ya Ford ilitia injini ya dizeli katika pikapu yake nyepesi ya F-150 mwaka 2018, ikaiondoa mwaka 2021; kampuni ya Ram, iliyokuwa nayo tangu miaka kadhaa kabla, iliacha mwaka 2023. Kule dizeli aghalabu huuzwa ghali kuliko petroli, vyombo vya kusafisha moshi huongeza bei ya gari, na wanunuzi wengi huendesha pikapu tupu kwenda kazini. Hesabu yao ilikuwa karibu na ile ya mwenye duka wa Kisumu.

Moshi nao usisahauliwe. Mwaka 2012 shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba moshi wa dizeli husababisha saratani kwa binadamu. Injini isiachwe ikinguruma ndani ya banda lililofungwa, wala karibu na mahali watoto wanapolala.

Anunuaye pikapu ya dizeli iliyokwisha kutumika na aende asubuhi, injini ikiwa baridi, na mtu mwingine aiwashe huku yeye akitazama moshi nyuma. Moshi mweusi mwingi huonyesha chujio la hewa lililoziba au nozo mbovu. Wa buluu maana yake oili inaungua, na pengine turbo au pistoni zimechakaa. Mweupe usiokoma hata injini ikipata moto huonyesha kwamba maji yanaingia ndani ya silinda, au kwamba mafuta hayaungui sawasawa. Kisha afungue kifuniko cha oili injini ikiwa inazunguka taratibu: pumzi kali ikitoka hapo, silinda zimekwisha kulika. Na akifika akikuta boneti tayari ina joto, aage kwa adabu, arudi siku nyingine bila kupiga simu.