Mkaa huondoa harufu ya maji, hauui vijidudu

Wapo akina mama Kiwangwa, na kwingineko mkoani Pwani, ambao hutumbukiza vipande viwili vitatu vya mkaa kwenye mtungi wa maji ya kunywa. Harufu ya kisima hupungua, hata ile ya dawa. Maji yakishakosa harufu huhesabiwa kuwa salama, na mtoto hupewa kikombe.

Hawajakosea kabisa. Viwanda vya vinywaji hupitisha maji kwenye matangi yenye mkaa ili kuondoa klorini, maana klorini huharibu ladha ya soda. Sukari nayo huanza ikiwa ya kahawia, na moja ya njia za kuifanya iwe nyeupe ni kupitisha shira yake kwenye mkaa unaonasa rangi. Zamani Ulaya walitumia mkaa wa mifupa ya ng'ombe. Hata nanasi, zao lililoipa jina Kiwangwa kando ya barabara ya Bagamoyo hadi Msata, limo: baadhi ya viwanda vikubwa duniani husafisha juisi ya maganda kwa mkaa ikawa shira ya kujazia makopo. Na huko Geita, mkaa hunasa dhahabu iliyoyeyushwa kwenye maji ya sayanaidi.

Lakini huo si mkaa wa gunia. Wataalamu huuita kaboni amilifu. Malighafi yake inaweza kuwa mbao, makaa ya mawe au vifuu vya nazi, hivi ambavyo Pwani huishia kuwa kuni au takataka. Vifuu huchomwa bila hewa mpaka viwe mkaa, kisha hupitishiwa mvuke kwenye joto la nyuzi 800 hadi 1,000 za Selsiasi. Mvuke hutoboa vitundu visivyoonekana kwa macho. Gramu moja tu, ambayo haijai hata kijiko cha chai, huweza kuwa na kuta za ndani zenye ukubwa wa mita za mraba 1,000. Rangi na harufu hugandia kwenye kuta hizo, na klorini huvunjwa hapo. Mkaa wa jikoni una vitundu vichache mno, ndiyo maana kazi yake ni hafifu.

Hata huo wa kiwandani una mipaka. Hautoi chumvi, jambo ambalo wenye visima karibu na bahari wangependa sana kusikia kinyume chake. Hauui vijidudu vya kipindupindu wala vya homa ya matumbo. Tena ukishashiba uchafu huacha kunasa, na bakteria huota humohumo ndani yake. Kwa hiyo viwanda huubadilisha au huuchoma upya, na maji yakitoka kwenye mkaa bado huuliwa vijidudu kwa njia nyingine.

Hapo ndipo familia nyingi zinapoteleza: mpangilio. Mama anatia dawa ya klorini kwenye ndoo, anachukizwa na harufu, anaweka mkaa au anapitisha maji kwenye chujio lenye mkaa. Kinga aliyoinunua inaondolewa. Kama chujio lipo, maji yachujwe kwanza, ndipo yatiwe dawa kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti na kusubiri muda wake, au yachemshwe mpaka yatokote vizuri, yapoe kwenye chombo chenye mfuniko. Maji yaliyochemshwa hayahitaji kutumbukiziwa kipande cha mkaa kilichotoka sakafuni.

Kuna mahali pamoja ambapo kuondoa klorini ni suala la uhai. Mgonjwa wa figo anayesafishwa damu kwa mashine hukutanishwa na zaidi ya lita 100 za maji kwa awamu moja. Klorini isiyomdhuru anayekunywa huweza kupasua chembe nyekundu za damu yake. Kwa hiyo maji hayo hupitishwa kwenye mkaa, na wahudumu huyapima klorini kabla mgonjwa hajaunganishwa.

Nyumbani hakuna wa kupima. Anayenunua chujio aulize dukani bei ya kichujio cha ndani cha kubadilishia, na kinadumu miezi mingapi, kabla hajalipa.