Taa Iliyoliwa na Jua

Wanangu, mkipita karibu na gari lililozeeka juani, tazameni taa zake za mbele. Zina ukungu wa manjano usiotoka hata mkiupangusa. Usiku dereva huwasha taa na barabara bado haionekani vizuri, kwa kuwa ukungu ule huutawanya mwanga. Wengi hukimbilia kununua balbu mpya. Balbu haina kosa.

Zamani taa zilifunikwa kwa kioo, na kioo hakifubazwi na jua. Tangu miaka ya 1980 viwanda vikahamia plastiki iitwayo polikaboneti: nyepesi, hufinyangwa umbo lolote, na jiwe likiirukia haipasuki ovyo. Lakini haipatani na miale ya urujuanimno, kwa hiyo kiwandani hupakwa tabaka jembamba la kinga. Jua likishalila tabaka hilo, plastiki yenyewe huanza kuungua polepole.

Dawa yake ni msasa. Mtu mzima awepo, na taa ziwe zimezimwa na kupoa. Osheni kwa sabuni, kisha bandikeni tepu ya karatasi kuizunguka taa ili msasa usikwaruze rangi ya bodi. Tumieni msasa wa maji: namba 800 au 1000, halafu 1500, halafu 2000. Kadiri namba inavyopanda, ndivyo msasa unavyokuwa laini. Taa isikauke hata kidogo.

Sasa angalieni maji yanayochuruzika. Mwanzoni ni ya manjano. Hiyo ndiyo kinga iliyokwisha kufa. Sugueni mpaka yatoke meupe. Hapo taa yote itakuwa nyeupe kama maziwa, na wengi huingiwa na hofu kwamba wameiharibu. Msiache! Weupe huo ni mikwaruzo midogo midogo, na kila msasa hufuta mikwaruzo ya ule uliotangulia. Polishi kwenye kitambaa laini humaliza iliyobaki, na ghafla mtaiona balbu kule ndani. Kwangu mimi hakuna dakika tamu kama hiyo.

Wapo wanaosugua kwa dawa ya meno. Inang'arisha kweli, ila haikingi. Taa iliyosuguliwa ikaachwa vivyo hivyo haina ulinzi wowote, na ukungu utarudi baada ya miezi michache tu. Kwa hiyo ikausheni, muipake vanishi angavu ya magari yenye kinga ya urujuanimno, kivulini, pasipo vumbi, na gari lisitoke kabla haijakauka kabisa.

Mkiona matone ya maji upande wa ndani, msasa hautafika huko. Pelekeni gari kwa fundi, atafute maji yanapenyea wapi.