Jeneza halina chama

Tunaulizwa: yafaa kususia maziko ya jirani kwa kuwa ni wa chama kingine? Haifai. Maradhi haya ni ya zamani. Baada ya uchaguzi wa 1957, watu wa Hizbu na wa Afro-Shirazi walisusiana maduka na maziko. Baada ya uchaguzi wa 1995 yakarejea Pemba. Watoto wakarithi ugomvi wasioujua chanzo chake.

Kumzika Muislamu ni fardhi kifaya. Mji mzima ukiacha, wote wanapata dhambi. Kuitikiwa salamu, kuzuriwa akiugua na kusindikizwa jeneza lake ni haki zake, kura haiziondoi.

Novemba 2009 Rais Karume na Maalim Seif walikaa wakazungumza, na 2010 wananchi wakaridhia kwa kura ya maoni. Nasi tuanzie mlangoni: tumwendee tuliyemsusa, tutoe salamu kwanza. Wallahu aalam.