Kupotea Njia Ndiko Kujua Njia

Likizo ya Agosti ilinikuta nyumbani, karibu na Keroka, mji uliokaa mpakani mwa kaunti za Kisii na Nyamira. Jioni moja mpwa wangu, mwanafunzi wa Gredi ya 6, alinijia na daftari lenye majina ya wavumbuzi mashuhuri aliyokuwa akiyakariri.

"Mjomba, nani aligundua injini ya mvuke?" aliniuliza. Kabla sijafungua kinywa, akajijibu mwenyewe: "James Watt!"

Nikamwuliza Watt alikuwa na shida gani hata akajisumbua na mvuke. Kijana aliduwaa. Alipekua daftari, kisha akasema kwa sauti ya chini, "Hiyo haimo humu, Mjomba."

Wasomaji wapenzi, kilichokosekana katika daftari lile ndicho kiini cha elimu yenyewe. Injini ya mvuke ilikuwako kabla ya Watt. Mwingereza Thomas Newcomen aliiunda mwaka wa 1712 ili kuvuta maji kutoka migodini. Watt, aliyekuwa fundi wa vyombo katika Chuo Kikuu cha Glasgow, alipewa mfano mdogo wa injini hiyo autengeneze. Akaona kwamba mvuke mwingi ulipotea bure kwa kuwa silinda ile ile ilitiwa joto na kupozwa kila mara. Mnamo 1765 alipata wazo la kuupozea mvuke katika chombo cha kando. Hata hivyo, injini zake za kwanza hazikuanza kazi viwandani na migodini hadi 1776. Miaka 11 ya kujaribu na kushindwa imefupishwa ikawa jina moja la kukaririwa!

Mimi ni mtu wa lugha, nami naona kwamba kosa hili huanzia katika kitenzi. Kugundua ni kukitambua kilichokuwapo. Kubuni ni kukileta kisichokuwapo. Mtoto anayeambiwa kwamba injini "iligunduliwa" hudhani ilikuwa imelala mahali fulani ikisubiri mwenye bahati apite. Tena hudhani kwamba vyote vimekwisha kuokotwa, naye amechelewa kuzaliwa.

Siku iliyofuata nilimpeleka sokoni Keroka, kwa fundi wa jua kali anayetengeneza majiko ya makaa, yale yenye bati nje, udongo uliochomwa ndani na kiuno chembamba katikati. Nilimweleza kwamba jiko hilo halikushuka kutoka mbinguni. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, wataalamu na mafundi wa Kenya walichukua wazo la jiko la ndoo la Thailand, wakalibadilisha mpaka likafaa mapishi yetu na kupunguza makaa yanayoteketea. Fundi naye alituonyesha rundo la mabati nyuma ya kibanda. "Haya yote niliyakata vibaya kabla sijajua kipimo," alisema bila haya.

Kijana aliligeuzageuza jiko mikononi. "Kumbe hata jiko letu lina wenyewe!"

Hapana shaka watoto wetu wanapaswa kuwajua Watt na Edison. Lakini wawajue kama watu waliokosea, na wawajue pamoja na walio jirani zao. Mnamo 1963 Erasto Mpemba, mwanafunzi wa shule ya Magamba nchini Tanzania, alikuwa akitengeneza aiskrimu. Aliona kwamba mchanganyiko wake uliotiwa jokofuni ungali moto uliganda kabla ya ule uliokuwa umepoa. Alipouliza sababu, aliambiwa amechanganyikiwa. Baadaye, akisoma Mkwawa, Iringa, alimwuliza Dkt. Denis Osborne, mhadhiri wa fizikia kutoka Dar es Salaam. Wenzake walicheka, mhadhiri hakucheka. Alirudi akalifanyia jaribio swali hilo, na mwaka wa 1969 wawili hao wakachapisha makala pamoja. Hadi leo wanasayansi wanaendelea kubishana kuhusu jambo linaloitwa kwa jina la Mpemba. Huyo ndiye mgunduzi kwa maana halisi, na silaha yake ilikuwa swali.

Waswahili husema kuuliza si ujinga. Je, ni akina Mpemba wangapi tuliowanyamazisha ili tumalize silabasi? Mtihani wa KCPE ulifanywa kwa mara ya mwisho mwaka wa 2023, na mtaala wa umilisi unatutaka tumpime mtoto kwa anachoweza kutenda. Lakini mtaala mpya hauwezi kuiondoa mazoea ya kale darasani. Kazi hiyo ni ya mwalimu.

Kwa hiyo, walimu wenzangu, kila tunapomtaja mvumbuzi tuambatanishe maswali matatu: alisumbuliwa na nini? Alikosea wapi? Nani alikuwa ameanza kabla yake? Kisha tuwapeleke watoto kwa seremala, kwa fundi wa baiskeli na kwa mfinyanzi, wakaulize maswali yayo hayo. Safari ya kwenda sokoni haihitaji maabara wala fedha nyingi.

Nanyi wanafunzi, msione aibu kwa jaribio lililoharibika. Kupotea njia ndiko kujua njia. Mpwa wangu alirudi nyumbani na kipande cha bati alichopewa na fundi. Jiko alilolitengeneza limeinama upande mmoja. Nilipoondoka, alikuwa ameanza la pili.