Shimo la Mmoja, Ukuta wa Jirani

Mwenye kiwanja ana haki ya kujenga, na kwa jinsi ardhi ya mijini ilivyo adimu, si ajabu akataka vyumba hata chini ya ardhi. Lakini shimo halitambui mipaka ya hati. Udongo ukiondolewa upande mmoja, ule wa upande wa pili husogea penye uwazi, na nyumba iliyoukalia husogea nao. Maji yakivutwa kwa pampu, mchanga mwembamba huweza kufuatana nayo, na msingi wa jirani ukakosa cha kuulalia.

Sisi wa Unguja yatupasa kulitafakari jambo hili mapema. Nyumba za Mji Mkongwe ni za mawe ya matumbawe na chokaa, dari zake zimebebwa na boriti. Hazina nondo za kuzifunga, na nyingi zimeegemeana. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya Beit al Ajaib, jengo la mwaka 1883, iliporomoka na watu wawili wakafariki. Hatusemi kwamba shimo ndilo lililoiangusha, la. Twasema kuta za namna hiyo hazitoi muhula mrefu.

Wala wenye nyumba za kisasa wasijidanganye. Katika mji wa Köln, Ujerumani, mwaka 2004, mnara wa kanisa uliinama wakati wa uchimbaji wa njia ya reli ya chini ya ardhi, ukarudishwa wima kwa majeki. Lilikuwa onyo tosha. Tarehe 3 Machi 2009, kando ya shimo jingine la njia hiyo hiyo, jengo la nyaraka za mji lilianguka pamoja na nyumba za jirani; vijana wawili walikufa. Baadaye iligundulika kwamba baadhi ya kumbukumbu za vipimo vya mradi ule zilikuwa zimeghushiwa.

Kuangalia mwendo wa kuta si kazi ya miujiza. Kabla jembe la kwanza halijapigwa, kila ufa wa jirani hupigwa picha na kupimwa, mwenye nyumba akishuhudia. Juu ya ufa hubandikwa kipande cha kioo. Kikivunjika, ufa umetembea. Timazi huonyesha mwinamo, na alama za ukutani husomwa kwa darubini ya wapima ardhi kutoka nukta iliyo mbali na shimo. (Nukta hiyo ikiwa karibu, itazama pamoja na nyumba, na daftari litaandika kuwa hakuna kilichotokea!) Kwetu kisiwani kuna la ziada: jua hutanua kuta, na maji ya chini hupanda na kushuka na bahari. Basi vipimo vianze wiki kadhaa kabla, wakati wa bamvua na wa maji mafu, ili mwendo wa kawaida ujulikane.

Huko London, stesheni ya Westminster ilipochimbwa miaka ya 1990 hadi kina cha mita 39 hivi karibu na mnara wa Big Ben, kikomo cha mwinamo kiliwekwa kabla. Mnara ulipokikaribia, uji wa saruji ulisukumwa ardhini kwa mabomba yaliyokuwa yamekwisha kulazwa, ukazuiliwa.

Kwa hiyo twawauliza watoao vibali vya ujenzi: kipimo kikivuka kikomo saa nne za usiku, nani mwenye amri ya kusimamisha kazi? Jina lake liandikwe ndani ya kibali, na jirani apewe nakala.